Saa ya Kuazima

Shaame Faki kaziweka mbili juu ya kioo cha duka,
Chake Chake, saa nne asubuhi, umeme umekatika,
akazimulika kwa tochi ya simu.
"Hii," anasema, "inajitafuta yenyewe.
Inauliza mbinguni, inajibiwa.
Hii nyingine bei nusu,
lakini mpaka simu iwe karibu ndipo ijue ilipo."

Nikacheka. Nilimkumbuka kaka yangu Othman,
miaka arobaini na mbili, hajui soksi zake zilipo
mpaka mkewe awe karibu.

Nafundisha hisabati, darasa la sita.
Nikatoa risiti kuukuu mkobani, nikapiga hesabu nyuma yake:
ile ya mbinguni ni mshahara wa siku kumi na moja,
na ikiwa kazini betri yake inakwisha mbio
kama tende mezani pakiadhiniwa magharibi.
Ile ya simu ni siku tano, na chaji wiki nzima.
Hesabu ikakamilika. Jibu halikuja.

Kwa sababu kuna suala la mfuko.
Aliyeshona buibui langu hakushona mfuko.
Simu naiweka wapi? Mkononi inateleza kwa jasho,
kifuani inaunguza.
Na simu haiji peke yake:
inakuja na mama, anauliza kama gesi imezimwa,
inakuja na mwalimu mkuu, na kundi la harusi ya Biubwa,
ujumbe mia na saba juu ya rangi ya sare,
wote hao tunapanda nao kilima cha Limbani
na miguu ni miwili tu, yangu.

Daktari alisema: dakika arobaini, kila siku, mwendo wa haraka.
Hakusema na nani.

Riziki anayo ya mbinguni, kaletewa na mwanawe kutoka Maskati.
Kila alfajiri, tukishasali, husimama barabarani pale Jadida
mkono juu, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda msalani,
akingoja setilaiti. Sisi wenzake tunapiga miayo.
Siku nilipomwambia naielekea ya bei nusu
alinitungia papo hapo, bila kupunguza mwendo:

*Ni saa ya kuazima, njia yake haijui,*
*simu ikibaki nyuma, ulipo haitambui,*
*hata ukiitazama, kimya tu, haipumui,*
*lipia yenye kupima, ya mbingu, haisumbui.*

Mizani imetimia, nikamwambia, hoja bado.
Juzi tulikwenda bega kwa bega, mimi na simu mkononi:
simu yangu ikasema kilomita sita na robo,
saa yake tano na nukta tisa.
Penye mikarafuu iliyofungamana mbingu yake ilipotea,
ikatukatia kona, ikatupitisha juu ya paa la mtu.
Ramani haina haya. Mwenye nyumba alikuwa amelala.

Nikanunua ya bei nusu.
Si kwa bei. Mama ana miaka sabini na sita
na mlango wake una ngazi tatu. Nataka anipate.
Nikashona mfuko kwa mkono, uzi mweusi, ndani ya buibui,
mfuko mbaya, umekwenda upande.

Kisha Jumatatu moja mama akaenda Konde kwa dada,
nami nikaiacha simu juu ya friji, inatetemeka.
Sikupanda Limbani. Niliteremka,
nikapita nyuma ya bandari, njia ambayo hatujawahi kwenda na kundi,
nikasimama nilipotaka, nikarudi nilipotaka.

Saa ikanipa ilichokuwa nacho:
hatua elfu sita mia nne na kumi, mapigo ya moyo,
na pa ramani, kijivu kitupu.

"Umepita wapi?" Riziki akauliza, ameshika mkono wangu,
akiusogeza kwenye mwanga.
Nikainua kiatu nikamwonyesha:
tope la mikokoni, bado bichi.