Ukuta wa Damari, Mvumi

Saa nane mchana, kwenye skrini, ukuta ni mwekundu,
mwekundu mtupu, kama pilipili juani.
Hiyo ni ngozi tu.
Ya ndani, usipoyaomba, kompyuta haikwambii.

Basi nikavuta kisu kisicho na makali
nikaupasua ukuta wa tembe toka nje hadi chumbani:
wekundu ukafuatwa na chungwa, chungwa na njano,
njano ikafifia kuwa kijani, na kule mwisho,
upande wa kitanda, samawati,
maji ya mtungini.

Nikasogeza saa. Joto likatambaa
kama mchwa ndani ya mti, sentimita nne kwa saa.
Jua la saa nane lilifika kitandani saa nne usiku.
"Hilo nalijua," alisema shangazi Damari.
"Mwezi wa saba mgongo nauegemeza hapo."

Lakini mimi ni mtu wa kupima.
Nikatoboa matundu sita, kila moja na waya wake,
naye akiziba kwa udongo na kidole gumba, akinung'unika:
nyumba ya marehemu inadungwa sindano kama mtoto wa kliniki.

Matano yalikubaliana na rangi zangu.
La sita, karibu na nguzo, lilikataa.
Joto lilifika pale likasita, likazunguka,
kama mgeni aliyekuta komeo.
Nikakagua hesabu. Nikabadili unyevu, uzito wa udongo,
nikausaga wavu wa hesabu hadi kompyuta ikavuma kama mashine ya nafaka.
La sita likabaki nyuma, nyuzi nne.

Nikamwonyesha. Akalitazama doa la samawati
katikati ya njano, akalitazama,
akacheka bila sauti, khanga mdomoni.
"Chilongola," akasema. "Kumbe ni hapo."
Mwaka wa njaa mumewe alijengea kibuyu ukutani,
akafa hajasema ni upande gani.

"Tuvunje?"
Akaweka kiganja palepale, kama anayepima homa.
"Nyumba imesimama. Wewe andika tu."

Nikarudi mjini. Katika ukuta wa skrini
nikachonga uwazi mdogo wenye shingo,
programu ikaniuliza umejaa nini.
Nikaandika hewa.

Rangi zikalingana, karibu zote.
Imebaki tofauti ya nusu nyuzi.
Uwele, pengine.
Sijajaribu.