Kuandika kwa Mguu

Ngazi tatu tu, za jiwe, nyumba namba arobaini na moja,
mtaani Walkley, Sheffield, saa moja na nusu asubuhi:
barua ya benki mkononi, na barafu ile isiyoonekana,
nyembamba kama utando wa maziwa.
Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka.
Mimi nilijikwaa, nikaanguka,
barua ikafika mlangoni kabla yangu.

Kifundo cha mguu wa kushoto kilikatika
kwa sauti ya kijiti cha mdalasini.
Mkono wa kulia uliteguka tu.

Wakanifunga hogo. Tunu, mwanangu, aliyezaliwa hapa,
alipolisikia neno hilo akacheka mpaka akakaa chini:
muhogo mweupe, Mama, na haumenyeki?
Wiki sita likalala juu ya mto wa kochi
kama mgeni asiyejua kuaga.
Usiku liliniwasha kwa ndani.
Nikaitwaa sindano ya kufumia,
nikakumbuka onyo, nikairudisha kapuni.

Bi Hattersley wa ghorofa ya chini alileta supu ya njegere,
akaniomba radhi, utadhani barafu aliimwaga yeye.
Lugha yao haina pole.
Ina samahani ya mkosaji, ina kadi yenye picha ya maua,
lakini lile neno dogo linaloketi pembeni ya kitanda
bila kuuliza kosa la nani, hawana.
Pole yangu ilitoka Pangani, kwa simu, kwa dada Mwanahamisi,
na laini ilikuwa mbovu, ikanirudishia mwangwi:
pole, pole.
Mara moja ni faraja.
Mara mbili ni dawa,
na ndiyo hiyohiyo niliyoandikiwa hospitali.

Siku ya kukata hogo, msumeno ukapiga kelele,
ukatoka mguu nisioujua: mwembamba, wa kijivu, wenye magamba,
kama uliokwenda kuugulia nchi nyingine peke yake.
Nilidhani nitainuka niende zangu.
Bronagh, mtaalamu wa viungo, akanikalisha:
"Mfupa umeunga. Mguu bado."
Kisha akaniagiza niandike alfabeti hewani
kwa kidole gumba cha mguu, mara tatu kwa siku.

A ilinitoa chozi.
B ilinitoa maneno ambayo Tunu hakupaswa kuyajua.
Q na X niliziruka, lugha yangu haina kazi nazo,
Bronagh akanikamata: hiyo X usiikwepe,
ndiyo inayokipeleka kifundo upande wa nje.
Nikaiandika basi, herufi ya watu, kwa maumivu yangu mwenyewe.

Wiki ya nne nikahamia kwenye maneno.
Chumvi. Mkate. Tunu.
Ng'ombe ni neno gumu kwa mguu:
ile ritifaa ni pigo dogo la kidole,
na hapo hasa ndipo panapouma.
Jikoni nilisimama kwa mguu mmoja birika likichemka,
nikishika ukingo wa sinki, halafu kwa kidole kimoja,
halafu, Jumanne moja yenye mvua, bila kushika kitu.
Sikumwambia mtu. Nilikunywa chai yangu.

Mkono, je? Hakuna aliyeujulia hali.
Mteguko hauna hogo la watu kutia sahihi.
Mpaka leo kifuniko cha jemu huniumbua.

Aprili nikarudi kazini, begi nusu.
Namba arobaini na moja, ngazi zilezile.
Kupanda, mguu mzima hutangulia;
kushuka, mgonjwa ndiye wa kwanza.
Nikapanda hivyo, ngazi, pumzi, ngazi,
mpaka mwenye nyumba akafungua mlango,
akatazama saa yake, akasema nimechelewa.

Nikamjibu kwa neno moja.
Hakuelewa.
Nikalirudia.