Konzi ya Mchele

Nyumba yetu ya Lunglei ilisimama ukingoni mwa mlima,
miguu yake ya mbao ikichungulia bonde.
Asubuhi za Disemba ukungu ulilijaza lile bonde
kama maziwa yaliyomiminwa na mkono usio na haraka,
na juu yake ilielea misalaba ya makanisa, basi.

Kabla ya kuinjika sufuria
mama alichota konzi moja ya mchele, akaiweka kando,
ndani ya kopo la bati lenye picha ya tausi.
Konzi ya asubuhi. Konzi ya jioni.
Ndivyo wafanyavyo wanawake wa milima ya Mizo:
penye cha kupika pana cha kumpa Mungu.
Jumamosi alipita mama Hmingthangi na gunia lake,
akakung'uta kopo mpaka tausi akalia.

Baba yangu, Thangchhunga, fundi wa mapaa,
alijua lilipo kopo.
Usiku alimimina nusu yake ndani ya kofia,
akashuka ngazi za mawe hadi kwa muuza pombe,
na mchele wa Bwana ukarudi nyumbani ukiwa harufu.

Lakini kila Jumamosi kopo lilikuwa limejaa.

Miaka mitatu. Alidhani mama hajui kuhesabu.
Labda alidhani hata Mungu hajui.

Kisha usiku mmoja wa mvua, njia imeporomoka,
hakuna pa kwenda kulewa,
alikaa gizani nyuma ya rundo la kuni, akaona:
mama anapima mchele wa watu wanne,
anatazama mlango,
anapunguza wa mtu mmoja, anaurudisha koponi.
Tulipokula, yeye alikunywa maji ya moto yenye chumvi
akasema tumbo limemjaa gesi.

Hapakuwa na mhubiri. Hapakuwa na ngoma.
Baba alikaa kizingitini kama mtu aliyekatwa magoti,
na kilio kilichomtoka
sijakisikia tena, hata makaburini.

Alfajiri alikuja na daftari langu la hesabu.
Amekokotoa: konzi elfu mbili mia moja na themanini.
"Nitalipa," alisema. "Nipe muda, nitalipa zote."
Mama alisoma ukurasa ule hadi chini,
akauchana, akauwashia moto wa chai.
"Umeshalipwa," alisema. "Njaa yake nimeila mimi."

Nilikuwa na miaka tisa, nimekariri aya nyingi za dhambi na damu.
Siku ile ndipo nilipouona Msalaba:
ulikuwa umechuchumaa mekoni, unapuliza makaa.

Ningependa kusema baba aliamka malaika.
Wiki ya tatu tulimkuta mtaroni, kiatu kimoja hakipo.
Mama alifungua mlango, akabandika maji ya kumwosha.
Akaanguka tena wakati wa mavuno. Halafu mwaka mzima hapana.
Halafu mara moja, siku waliyomzika kaka yake.

Ila kila kulipokucha alichukua ungo,
akakaa dirishani penye mwanga,
akachambua mawe kwenye mchele wa siku
kwa vidole vinavyotetemeka, punje kwa punje,
mpaka shule inanichelewesha.
Nilimuuliza, "Baba, ndiyo unalipa?"
Alicheka, jino lile la mbele likiwa limeshang'oka.
"Nani huchambua mchele uliomo bado dukani, Zodini?
Huu ni wetu tayari.
Ndiyo maana nautolea mawe."

Amekwenda sasa. Mama pia.
Ungo uko kwangu, ukingo wake umeshonwa kwa waya,
na tausi wa bati amebaki mkia tu.
Nachambua, macho yangu si yale.
Mchana huu, katikati ya tonge, niliuma kijiwe.
Nikakitoa, nikakiweka ukingoni mwa sahani,
nikaendelea kula.