Mizunguko Mia Nne na Hamsini

Ya kwanza ilinifia mikononi Jumatatu,
ndani ya boriti ya msonobari yenye umri wa mababu watatu.
Ilikohoa moshi wa buluu, ikanuka nywele zilizoungua.
Msimamizi, Tam Ogilvie, hakusema kitu.
Alifungua dirisha tu,
baridi ya Mto Tay ikaingia bila hodi.

Ilikuwa ya kasi, ile. Elfu tatu kwa dakika,
imejiandika ubavuni kwa wino mwekundu
kama mchumba anayetaja mshahara kabla ya jina.
Kwenye kuta za jasi ilikuwa bingwa.
Lakini kinu hiki kilisokota juti,
na boriti zake zilibeba mashine usiku na mchana
hadi utomvu ukaganda ndani, ukawa jiwe.
Ukiziingia kwa kelele
zinakungoja uchoke.

Jumamosi, duka la Bi Effie Geddes, mtaa wa Hilltown.
Kijana wa kaunta ananiletea inayong'aa:
betri kama tofali, taa, mkoba wake.
"Hii inakimbia," anasema.
Sitafuti inayokimbia, mwanangu.
Natafuta inayobishana bila kupaza sauti.

Bi Effie anaweka chini kikombe cha chai.
Haniulizi nina pauni ngapi.
"Unatoboa nini?"

Namwambia: matundu ya milimita thelathini na mbili,
ya mabomba ya maji moto, ghorofa tatu,
arobaini na nane kwa jumla.
Anautazama mkono wangu wa kulia,
kifundo kilichovimba tangu ile siku biti iliponasa.
Anaingia stoo.
Anatoka amekumbatia kitu kizito kama mtoto aliyelala.

Kijani iliyochubuka. Hakuna betri, waya tu,
na plagi ya manjano, ile ya saiti, volti mia na kumi.
Gia ya chini: mia nne na hamsini.
Gia ya juu sahau.
Mpini wa pembeni unafika kiwiko changu.
"Usiuache nyumbani," anasema.
"Biti ikinasa, kitakachozunguka si biti.
Ni wewe."

Hapo nikamkumbuka mjomba Shemdoe, Muheza,
akitoboa miguu ya vitanda kwa keke ya upinde:
kijiti, msumari uliofuliwa, kamba ya katani.
Anavuta, anarudisha, anavuta,
mvule unatema unga kidogokidogo.
Usiniletee methali ya haraka na baraka.
Mjomba hakuwa mpole, na madeni alikuwa nayo,
angependa kumaliza kabla ya adhuhuri.
Ila alijua chuma kikipata moto kinalegea,
na tundu lililoungua
halishiki hori wala parafujo.

Pauni mia na tisini.
Nyumbani Mwajabu akainyanyua, akaiweka haraka mezani.
"Ina kasi gani?"
"Haina."
Akanitazama kama mtu aliyenunua ng'ombe asiye na maziwa.

Jumatatu nyingine. Ghorofa ya kwanza.
Nimepanua miguu, mpini nimeuegemeza kwenye nguzo,
ili ikitaka kupigana ipigane na jengo.
Nabonyeza.
Haivumi. Inaguna,
kama mtu anayekubali jambo shingo upande,
lakini akishakubali hageuki.
Maganda yanamwagika marefu, yamejikunja, rangi ya asali,
na harufu ya utomvu inatoka mbichi,
iliyofungiwa humo kabla babu yake Tam hajazaliwa.
Tam mwenyewe anakuja, anaokota ganda moja,
analinusa, analitia mfukoni.

Kifundo hakijauma.
Nachomoa biti, naigusa kwa kidole:
vuguvugu tu.

Bado arobaini na saba.