Kisogo cha Nina

Kwanza niwatenge wari.
Nina muda wa saa nane tangu wapasue ganda;
zikizidi, jike kesha onja dume
na hesabu yangu imeharibika.
Ndiyo maana alfajiri hii niko maabara, Al-Khoudh,
buibui linanuka hamira na molasi,
na kwa brashi ya wanja ya dada yangu Ghaniya
nawapanga nzi waliolewa etha.

Majike: macho meupe, punje za mchele.
Madume: macho mekundu, komamanga za Jabal Akhdar.
Nawatia chupa moja, pamba mdomoni,
na kabla hawajataga naandika daftarini:
mabinti wote wekundu,
wana wa kiume wote weupe.

Baba ana eksi moja tu, humpa binti.
Mwanawe wa kiume humpa wai,
bahasha isiyo na neno juu ya macho.
Rangi ataitoa wapi, ila kwa mama?
Bibi hakuijua hadubini, lakini alisema:
mwana hufuata kisogo cha nina.

Siku ya kumi na mbili nahesabu.
Mabinti mia na nne, wekundu.
Wana tisini na saba, weupe.
Hakuna hata mmoja aliyenikaidi.

Ramadhani iliyopita Hilal wa Ghaniya, miaka mitatu,
alikula fuli kwenye futari, vijiko vitano.
Kesho yake mkojo ukawa chai ya rangi,
macho yakaiva bizari.
Daktari akachora miraba minne
nyuma ya karatasi ya dawa. Miraba yangu!
Mama mkwe akaitazama mara moja:
"Kumbe kimetoka kwenu."

Kimetoka kwetu, ndiyo.
Mama alikipandisha ndege kutoka Unguja
bila kujua, bila kuugua,
na mjomba Nasor, aliyezikwa Wete na umanjano wake,
hakuna aliyemchorea mraba.

Sasa Ghaniya ana mimba ya miezi minne.
Anachagua mchele, hanitazami.
"Haya, mtu wa nzi. Niambie."

Nzi mia mbili nawajua.
Nusu yao hunyooka kama mstari.
Mtoto mmoja hana nusu.

"Akiwa binti, atakula fuli.
Huenda akabeba, kama wewe.
Akiwa wa kiume..."
nikageuza kiganja, juu, chini.

Akaokota chuya, akaitupa.
"Na brashi yangu," akasema, "irudishe."