Kosa la Ukurasa wa Saba

Łódź, Januari. Kiwanda cha pamba kilichokufa
sasa ni ukumbi wa viti sitini.
Mabomba ya joto yanakohoa ukutani,
nasi wanne tunapuliza vidole kabla ya kuanza.

Bogna ametuandikia noti zinazokaa ubavu kwa ubavu,
vikombe vya kabati moja, havina budi kugongana.
"Msizibembeleze," alisema mazoezini.
"Ziacheni ziumane."
Ireneusz ameulegeza waya wake wa tano robo ya sauti,
unaning'inia kama kitasa kibovu.
Mimi, gitaa la nne, nakwaruza:
kucha juu ya shaba, kiganja juu ya mbao,
kucha tena. Dakika kumi na tisa.

Mstari wa mbele bwana mmoja amevua miwani,
ameishika kama tiketi anayotaka kurudishiwa pesa.
Nyuma kijana amefumba macho; sijui kama amelala.
Wawili wameondoka, makoti yakisugua viti
kwa mlio ambao Bogna angeuandika.

Ukurasa wa saba: Tymon ameshika do,
Kaja ameshika sol,
mimi napewa fa ya kuwachokoza,
Ireneusz kimya, anahesabu.
Hapo baridi ikanichezea.
Waya wangu ulishuka, taratibu,
bila kuniuliza,
fa ikateremka ngazi moja, ikawa mi,

na katikati ya ugomvi wote ule
do, mi, sol,
wimbo wa darasa la kwanza,
watu wa nyumba moja waliochoka kununiana.

Ukumbi ulishusha mabega.
Nilizisikia pumzi zikitoka, sitini kasoro mbili.
Bwana akavaa miwani yake.
Na mimi, nisiseme uongo, nilikawia.
Mkono ulijua njia ya kwenda kwenye ufunguo
ukajifanya mgeni.
Kisha nikamwona Bogna, amesimama kando ya mlango,
penseli mdomoni, haandiki.
Nikaukaza waya.
Fa ikarudi na meno yake.

Baadaye, penye chai na biskuti za tangawizi,
yule bwana alimshika Bogna mkono kwa mikono yake miwili:
"Mama, kazi nzuri. Hasa pale katikati.
Pale palinitoa machozi."

Bogna alinitazama juu ya bega lake.
Akamjibu asante
kwa uso wa mama anayesifiwa
mtoto wa jirani.