Kwa Hinnerk, Nitakapokuwa Hospitali

Ufunguo wa kibanda uko ndani ya kiatu cha mbao.
Mkasi nimeunoa. Mashine ya umeme usiiguse,
ilikuwa ya babu yako, na kisa chake kipo mbele.

Maua haya ni erika. Usicheke,
ni jina la shangazi yako pia,
na wote wawili hawapendi kulishwa kupita kiasi.
Usizitie mbolea. Zimezoea mchanga huu wa Soltau,
mweusi, mkali kama siki, fukara,
na katika ufukara huo ndimo zinamonawiri.

Maji ya bomba yana chokaa, yatazigeuza manjano.
Chota kwenye pipa chini ya mfereji wa paa.
Ukikuta barafu, ivunje kwa kisigino:
kinachobaki kijani mwaka mzima
huona kiu hata Januari,
ila hakisemi.

Theluji ikilala juu yao, iache ilale.
Ikiwa nzito ya maji ipukute kwa fagio, taratibu,
kama unayempangusa mtoto makombo.

Februari itatokea siku moja ya jua.
Nyuki wa Bwana Meinecke watakuja, wachache, wamelewa baridi.
Siku hiyo usifanye kazi. Keti.
Wahesabu, uniandikie idadi.

Aprili, maua yakishapata rangi ya chai, kata.
Kata chini kidogo tu ya maua,
penye majani bado,
penye kijani.
Usishuke hadi kwenye mti mkavu.
Waridi husamehe. Erika haisamehi.
Ukigusa kahawia, hapachipui tena.

Babu yako alishuka.
Mwaka ule tuligombana kwa jambo ambalo silikumbuki.
La, nalikumbuka,
lakini si la kukuandikia wewe.
Aliwasha mashine, akakinyoa kichaka cha langoni hadi mifupa.
Nilingoja kiangazi kizima. Kikabaki kuni.
Oktoba akarudi na chungu kimoja kwapani,
hakusema neno,
akapiga magoti palepale, mvua ikimnyeshea kisogoni.
Dukani za zambarau zilikwisha. Alipata nyeupe.

Ndiyo hiyo unayoiona imesimama peke yake.
Zilizobaki ni zako: kata, kosea, jifunze.
Hiyo niachie.
Nitarudi na nyonga mpya
nione kama inajua kupiga magoti.

Paka hula saa kumi na moja.